Barabara Izaayo Majina: Somo la Sarufi Kutoka Kapenguria Hadi Kakuma

Mwaka huu Chama kimenipa ukurasa wa sarufi, na ninajua wengi wenu mkiona neno "sarufi" mnafunua haraka kutafuta mashairi na vichekesho. Ngojeni kwanza! Somo langu ni fupi, na lina gari ndani yake.

Swali ni hili: majina, au nomino kama walimu wetu wanavyotaka tuseme, hutoka wapi? Mengine tumeyakuta tu: mlima, jiwe, ngamia. Lakini mengi yamezaliwa na vitenzi. Ukimvisha kitenzi kiambishi mwanzoni na kumbadilisha kiishio, huyo amekuwa jina. Badala ya kuwapa orodha kavu, nitatumia barabara niliyopita na jamaa yangu likizo ya Desemba, kutoka Kitale hadi Kakuma, kwa pikapu ya mjomba.

FUNGA – KIFUNGO. Mji wa kwanza mkubwa baada ya Kitale ni Kapenguria. Hapo ndipo Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, walipohukumiwa kifungo cha miaka saba mwezi wa Aprili 1953. Walifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa papa hapa Lodwar. KI- mwanzoni na -O mwisho: kifungo, vifungo. Ngeli ya KI-VI.

TEREMKA – MTEREMKO. Kapenguria iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lodwar iko kama mita 500 tu. Hewa huongezeka joto takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo mteremko wenyewe unakupa digrii 9 za ziada kabla hata jua la Turkana halijasema neno. Baba alitia gia ndogo, kona baada ya kona. Dada yangu aliyepanda gari na sweta alifika Kainuk akiwa ameikunja kuwa mto wa kulalia. Mteremko, miteremko: ngeli ya U-I.

Halafu tukafika Marich. Pale milima ya Cherangani iko upande mmoja na ile ya Sekerr upande wa pili, na mto Muruny umejichongea njia katikati. Mahali kama hapa mimi ninapaita mwanya. Neno hili ni lile lile la nafasi kati ya meno ya mbele, ambayo wazee wetu husifu kuwa ni urembo. Ukipita Marich utakubali kwamba hata mlima unaweza kuwa na mwanya ukapendeza.

POROMOKA – MAPOROMOKO. Uzuri huo una gharama. Usiku mmoja wa Novemba 2019 mvua kubwa ilinyesha Pokot Magharibi, udongo wa milimani ukaporomoka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Makumi ya watu walikufa, na madaraja ya barabara hii yakachukuliwa na maji, Lodwar ikakatwa na Kitale. Maporomoko yako katika ngeli ya YA-YA. Ni maporomoko YA ardhi, si "ZA ardhi".

VUKA – KIVUKO. FURIKA – MAFURIKO. Baada ya Kainuk tulifika kwenye laga. Mbingu ilikuwa nyeupe, mchanga mkavu, lakini mbele yetu kulikuwa na lori limesimama, na utingo amechuchumaa akitazama juu kule mto unakotoka. Baba akasema, "Hapa ni pakavu, twende." Mama akamjibu, "Baba watoto, tungoje. Huyo utingo hatazami bure." Tukangoja. Haikupita nusu saa, maji ya kahawia yakaja na magogo, yakivuma kama gari kubwa. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani! Basi jueni tofauti: kivuko ni mahali au chombo cha kuvukia, laga ni mto unaopumzika. Anayeiita laga "kivuko" kwa sababu tu ni kavu atakuja kuvuka asikokusudia.

KIMBIA – MKIMBIZI, MKIMBIAJI. Lodwar tulilala, kesho yake tukaenda Kakuma, kama kilomita 120 zaidi. Kambi ya pale ilifunguliwa mwaka 1992, vijana waliokimbia vita Sudan walipoingia Kenya. Sasa tazameni. Kitenzi ni kimoja, kiambishi cha mwanzo ni kimoja, M-, ngeli ya A-WA. Kiishio ndicho tofauti. Ukitia -ZI unapata mtu aliyefukuzwa na hatari. Ukitia -JI unapata mtu ambaye kukimbia ndiyo kazi yake au mazoea yake, kama vile mchezaji na msomaji.

Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, kulikuwa na timu ya kwanza ya wakimbizi. Watu kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliopitia Kakuma, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera. Je, yeye alikuwa mkimbizi au mkimbiaji? Sarufi inajibu kwamba alikuwa yote mawili, na kila jina linasimulia jambo lake. La kwanza ni mambo aliyotendewa. La pili ni jambo analotenda yeye. Ninawaomba tulifikirie hilo tunapowaita wenzetu wa bweni "wale wakimbizi". Wana majina mengine yaliyotoka kwenye vitenzi vyao wenyewe: msomaji, mchoraji, mwimbaji. Tuwaulize vitenzi vyao kwanza.

ZOEZI
1. Unda majina kutokana na vitenzi hivi, na utaje ngeli: zuia, chunga, pika, linda. (Angalizo: katika viwili vya mwisho, konsonanti hubadilika mbele ya -I.)
2. Sahihisha: "Mafuriko kubwa ilibeba daraja."
3. Andika aya moja kuhusu njia ya kwenda kwenu, ukitumia majina matano yaliyozaliwa na vitenzi. Umande na nyasi za kijani ni marufuku kwa mtu wa Lodwar!

Majibu tutayasahihisha pamoja katika mkutano wa Chama.