Nifanye Zoezi Gani Sasa? Somo kwa Wapiga Gitaa wa Timu ya Sifa

Maandiko ya kusoma: 1 Nyakati 25:1-8, Zaburi 33:1-3

Ukisoma 1 Nyakati 25 utaona kwamba waliofundishwa kumwimbia Bwana walikuwa 288, na kura zilipopigwa, mwalimu na mwanafunzi waliingia pamoja. Kumbe hata wakati ule upako haukufuta mafunzo. Lakini mwanafunzi wa gitaa anajua lazima afanye mazoezi. Swali lake ni hili: "Nimeshika G, C na D. Sasa nijifunze nini?"

Hapo ndipo wengi hupotelea. Jumatatu anatazama video ya solo, Jumatano anajaribu sebene, Ijumaa anatafuta kodi mpya kumi. Baada ya miezi mitatu vidole vina sugu, lakini Jumapili mama mmoja akianzisha pambio kutoka kitini, kijana anazima gitaa na kujifanya anakaza nyuzi. Mwishowe anaona aibu, anaacha kuja. Tunampoteza mpigaji, na wakati mwingine tunampoteza kijana mwenyewe.

1. Acha wimbo ukuonyeshe

Chukua wimbo mmoja wa Jumapili ijayo. Upige kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata ukikosea, huku simu inarekodi. Kisha sikiliza. Mahali ulipojikwaa ndipo zoezi lako lilipo. Usiseme, "Mimi siwezi gitaa." Sema, "Nikitoka C kwenda F nachelewa." Hilo la pili lina dawa.

2. Tambua ugonjwa kabla ya dawa

Makosa mengi huwa ya aina tatu.

*Mwendo.* Unakimbia au unabaki nyuma. Shika kodi moja tu, gonga mguu, hesabu moja hadi nne polepole kwa dakika tano.

*Vidole.* Mkono unachelewa kubadilisha. Chagua kodi mbili, uhesabu umebadilisha mara ngapi kwa dakika moja, uandike. Kesho rudia. Kidole kisichohitaji kuhama kiache hapo hapo: kutoka C kwenda Am ni kidole kimoja tu kinachosogea.

*Sikio.* Hujui mwimbaji ameanzia wapi. Guna ile sauti ambayo pambio linaishia, kisha uitafute kwenye uzi mnene wa juu. Uzi ukiwa wazi ni E. Freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C, ya 10 ni D. Mapambio mengi yanaishia nyumbani kwake. Ukipata G, jaribu G, C na D. Ukipata D, jaribu D, G na A. Ukipata A, jaribu A, D na E.

Ukiwa na shida zote tatu, anza na mwendo. Kodi moja ikikosewa, wengi hawatasikia. Lakini ukikimbia unamvuta mpiga ngoma, naye anawavuta waimbaji, na kanisa linaacha kupiga makofi.

3. Jambo moja kwa wiki

Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Tumia 5 kwa unachokijua, 10 kwa udhaifu wa wiki, na 5 kwa wimbo wenyewe. Solo ingoje.

Na ile F ya kubana nyuzi zote je? Isikuzuie kuhudumu. Wimbo ukiwa wa C, weka kapo kwenye freti ya 5, upige kwa maumbo ya G, C na D. Zitatoka C, F na G. Lakini nyumbani endelea kuikomaza F, maana siku moja kapo itasahaulika.

4. Jua wakati wa kusonga mbele

Ukiweza kulipiga jambo lile mara tatu mfululizo bila kosa, kwa siku tatu tofauti, na mara moja huku unaimba, songa mbele. Kama kwa mazoezi unaliweza lakini ukiimba linavunjika, bado. Kaa nalo wiki nyingine, hakuna hasara.

Zoezi la wiki

Rekodi wimbo mmoja, andika kosa moja, na umwonyeshe mwenzako katika timu. Jumapili akuulize limefika wapi.

Maswali ya kujadili

1. Je, ninachojifunza wiki hii kitawasaidia watu kuimba, au kitanisaidia mimi kuonekana?
2. Ni nani katika timu yetu ameacha kuja, na nani atamtembelea?