Kusoma Kifungu, Kuelewa Hoja: Maswali na majibu kuhusu ufahamu wa Kiingereza katika kidato cha tano na cha sita

Ukishuka kutoka lango kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kuelekea makutano ya Wandegeya, utapita vibanda vya fotokopi vinavyodurufu karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Vijana wa kidato cha tano na cha sita huzinunua rundo kwa rundo, wakiamini kwamba atakayefanya karatasi nyingi ndiye atakayeelewa vifungu. Mimi hufundisha Kiingereza na General Paper, yaani somo la maarifa ya jumla, mtaani hapa. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi na wazazi wao.

Mwalimu, kifungu nakisoma na nakielewa, lakini nikirudishiwa karatasi naona misalaba mitupu. Nakosea wapi?

Aghalabu umeelewa mada, hujaelewa hoja. Umeona kifungu kinazungumzia wachuuzi wa sokoni, na kwa kuwa wachuuzi unawajua, unajibu kwa yale unayoyajua wewe badala ya yale aliyoyasema mwandishi.

Chukua sentensi hii: "The officials hardly consulted the vendors." Wanafunzi wengi huona "hard" ndani ya "hardly", wakajibu kwamba maofisa walijitahidi sana kuwashirikisha wachuuzi. Sentensi inasema kinyume chake: wachuuzi hawakuulizwa karibu lolote. Ukishateleza hapo, majibu yote yanayotegemea aya hiyo yanakwenda upogo. Kuna maneno mengine madogo yenye nguvu kama hiyo: "unless", "although", "however", na "few" isiyotanguliwa na "a". Ukikutana nayo, punguza mwendo.

Kisha uangalie swali linadai nini. Swali la aina ya kwanza hutaka kilichosemwa waziwazi. Jibu lake lina mstari wake. La pili hutaka kilichodokezwa. Hapo unaunganisha mistari miwili au mitatu ili upate ambacho mwandishi hakukitamka. La tatu hutaka maana ya neno kama lilivyotumika pale. Unapofanya mazoezi, andika pembeni mwa kila jibu nambari ya mstari uliokupa jibu hilo. Ukikosa mstari, ujue hilo ni wazo lako, kifungu hakina habari nalo.

Je, kila neno gumu nilitafute kwenye kamusi?

Hapana, ila usiyapuuze yote. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand, ambaye amechunguza msamiati wa wanaojifunza Kiingereza kwa miaka mingi, alionyesha pamoja na mwenzake mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno yapatayo 98 katika kila 100 ili aelewe hadithi vizuri bila msaada. Katika kifungu cha maneno 600, hayo ni maneno 12 tu yasiyojulikana. Yakizidi hapo sana, kubahatisha maana kwa kutegemea muktadha kunakuwa kazi ngumu, kwa sababu muktadha wenyewe nao umejaa maneno usiyoyajua.

Basi fanya hivi. Soma kifungu chote bila kamusi, ukipiga mstari chini ya maneno yaliyokukwamisha. Katika usomaji wa pili, bahatisha maana ya kila moja kwa kuangalia sentensi iliyotangulia na inayofuata. Fungua kamusi mwishoni tu, uone kama ulilenga. Neno ulilokutana nalo mara mbili liandike daftarini pamoja na sentensi yake nzima, maana neno lililotengwa na sentensi yake husahaulika upesi.

Mtihani unapokuuliza maana ya neno "as used in the passage", liondoe neno hilo kwenye sentensi uweke jibu lako mahali pake. Sentensi ikisomeka na hoja ikabaki ileile, umefaulu. Ukiandika maana ya kwanza uliyoikariri kutoka kwenye kamusi, unaweza kupoteza alama ingawa neno unalijua.

Nimenunua karatasi za miaka kumi. Nikizimaliza zote, si nitakuwa tayari?

Utakuwa umezoea sura ya mtihani, na hilo lina faida yake. Lakini karatasi inapima uwezo ulio nao. Uwezo wenyewe unatokana na kusoma kwingi. Mwanafunzi anayefanya kifungu kimoja kwa wiki amesoma kurasa mbili za Kiingereza. Kurasa mbili hazitoshi kumfanya aone jinsi sentensi ndefu zinavyokaa, wala jinsi hoja inavyoanza, ikapingwa, kisha ikatetewa.

Mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za vijijini nchini Fiji, ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Madarasa yaliletewa vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kila moja, na watoto wakasoma na kusomewa kila siku. Baada ya miezi minane, maendeleo yao katika kusoma yalikuwa karibu maradufu ya kawaida. Siri ilikuwa wingi wa vitabu vinavyovutia na vinavyoeleweka.

Kwa hiyo anza na vitabu vyepesi kuliko vifungu vya mtihani. "Weep Not, Child" ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964, ina sentensi fupi na Kiingereza safi, na mwandishi wake aliiandika alipokuwa mwanafunzi hapo juu kilimani Makerere. Chinua Achebe, aliyehudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962, naye anasomeka vizuri katika "Things Fall Apart". Ukimaliza hao, ingia kwenye makala za uchambuzi za magazeti ya New Vision na Daily Monitor. Huko ndiko utakakokuta mtindo wa hoja unaofanana na vifungu vya General Paper.

Muhtasari unanishinda. Naambiwa nisizidishe maneno mia, nami najikuta nimenakili kifungu.

Unanakili kwa sababu unaandika huku macho yako yako kwenye kifungu. Soma swali la muhtasari kwanza: halitaki kifungu kizima, linataka sehemu moja tu, pengine sababu za tatizo au hatua zilizopendekezwa. Pitia kifungu ukichagua mambo yanayohusu sehemu hiyo pekee, uyaandike kwa mafungu ya maneno mawili matatu. Mifano, takwimu, majina ya watu na maneno ya kupamba viache.

Sasa kifunike kifungu. Andika kutoka kwenye orodha yako, kwa sentensi zako, ukiyaunganisha mambo yanayohusiana. Hapo ndipo kuelewa kunajidhihirisha, maana huwezi kusema kwa maneno yako jambo ambalo hukulielewa. Mwishoni hesabu maneno, kisha fungua kifungu uhakikishe hukubadilisha msimamo wa mwandishi. Kama alisema jambo "huenda" likatokea, usiandike kwamba litatokea.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi. Kwa nini nisumbuliwe na vifungu vya siasa, uchumi na sanaa?

Kwanza, General Paper ni lazima kwa kila mtahiniwa wa UACE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha sita, na kuifaulu kunakuongezea pointi moja. Pointi hiyo inaweza kukupandisha katika kinyang'anyiro cha nafasi za chuo kikuu.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba kuelewa kunategemea ujuzi wa mambo kama kunavyotegemea lugha. Mwaka 1988, Donna Recht na Lauren Leslie wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo huo walielewa zaidi ya wasomaji hodari wasioujua. Mwanafunzi asiyewahi kusikia habari za mfumuko wa bei atakisoma kifungu cha uchumi neno kwa neno asipate picha yoyote. Sikiliza habari, uliza maswali darasani, soma kurasa ambazo kwa kawaida ungeziruka.

Na usidhani ufahamu ni shughuli ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, chini ya mtaala huo ulifanyika 2024. Maswali yake mengi huanza kwa kueleza hali fulani ya maisha, kisha mtahiniwa hutakiwa kuitatua. Asiyeielewa hali iliyoelezwa hataweza kuonyesha kemia wala jiografia anayoijua.

Nyumbani tunazungumza Luganda. Je, tuache, ili watoto waelewe Kiingereza?

Mama, msiache. Lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kuelewa Kiingereza. Katika miaka ya 1990, Eddie Williams alilinganisha watoto wa Malawi, waliofundishwa kwa Chichewa katika miaka ya mwanzo, na wa Zambia, waliofundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Katika kusoma Kiingereza, watoto wa Zambia hawakuwashinda wenzao. Katika kusoma lugha ya kwao, wa Malawi waliwaacha mbali. Uganda nayo, tangu 2007, imekuwa na mtaala unaotumia lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya kwanza ya msingi, ingawa shule nyingi za mjini hapa hufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo.

Mtoto anayeweza kuuliza "Kwa nini mwandishi amesema hivi?" anaposoma gazeti la Bukedde kwa Luganda, au kitabu cha Kiswahili, anao tayari ustadi atakaouhitaji katika Kiingereza. Bila shaka atahitaji pia msamiati wa Kiingereza, ndiyo maana nasisitiza vitabu. Mnunulieni vitabu, mpeni saa yake ya kusoma, na jioni mwambieni awasimulie kwa Luganda alichokisoma kwa Kiingereza. Akikwama katikati ya masimulizi, hapo ndipo hakuelewa, nanyi mmeligundua kabla ya mtahini.

Nimesikia wanafunzi wa China nao wanahangaika na ufahamu wa Kiingereza. Tunaweza kujifunza nini kwao?

Ni kweli. Katika karatasi ya Kiingereza ya mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, unaoitwa gaokao na kufanyika kila Juni, alama 50 kati ya 150 hutokana na kusoma. Wanapewa vifungu vinne vyenye maswali ya kuchagua, kisha kifungu cha tano kilichonyofolewa sentensi tano. Chini yake ziko sentensi saba. Mtahiniwa huchagua tano na kuzirudisha mahali pake.

Zoezi hilo la mwisho tuliige. Katika makala ya gazeti, futa sentensi chache, zichanganye na mbili za uongo, mpe mwenzako azirudishe. Hataweza kwa kubahatisha. Itambidi aone kiwakilishi kinamrejelea nani na kiunganishi kinafungua nini.

Lakini wanafunzi wengi wa China hawakisikii Kiingereza nje ya darasa. Kijana wa Wandegeya hukisikia redioni, kanisani au msikitini, hukiona kwenye mabango na kukitumia kufanyia hisabati zake. Fursa hiyo ni kubwa, na inasikitisha kuiona ikipotea kwa sababu tu shuleni hakuna vitabu vya kutosha, au vipo lakini vimefungiwa kabatini.

Imebaki miezi mitatu. Nianzie wapi?

Kila siku soma nusu saa kitabu unachokielewa, bila maswali wala alama. Mara mbili kwa wiki soma makala moja ya gazeti, uandike hoja yake kuu kwa sentensi moja. Mara moja kwa wiki fanya kifungu cha mtihani kwa muda uliopangwa, na ukimaliza, kaa na majibu yako muda mrefu kuliko uliokaa na maswali. Kwa kila kosa jiulize: lilinishinda neno, sentensi, au sikuijua mada? Andika sababu hiyo daftarini. Baada ya majuma machache utaona kosa linalojirudia, na hilo ndilo la kumpelekea mwalimu wako. Mwalimu aliyeambiwa "nashindwa sentensi zenye although" anajua pa kuanzia. Aliyeambiwa "nashindwa Kiingereza" hana pa kushika.

Na walimu wenzangu, tuwafungulie wanafunzi makabati. Kitabu kikirudi kimechakaa, angalau tutajua kilisomwa.