Tapeti za rola kwa injini ya dragi: ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwenye mbio za dragi za Marekani, injini nyingi bado ni V8 za mtindo wa zamani: kamshafti imelala ndani ya bloku, vali ziko juu kwenye silinda hedi, na kinachopeleka mwendo kutoka chini hadi juu ni tapeti 16, pushrodi na roka. Mwenye injini ya kamshafti za juu, kama zilivyo Toyota nyingi za siku hizi, hana haja ya kusoma zaidi, labda kwa kupenda tu.

Tapeti ya rola ina kigurudumu cha chuma kinachobiringika juu ya nundu ya kamshafti. Kwa kuwa hakuna msuguano mkubwa, fundi anaweza kuweka kamshafti yenye nundu kali na springi ngumu. Chukua Chevrolet big block ambayo roka zake zina uwiano wa 1.7. Springi ikisukuma kwa kilo 360 vali ikiwa wazi kabisa, tapeti inabeba kilo 600 na ushei. Injini ikifika mizunguko 8,000 kwa dakika, kila tapeti inapanda na kushuka zaidi ya mara 66 kwa sekunde. Tapeti za haidroli, zinazojiseti zenyewe kwa oili, haziwezi kazi hiyo; hapa zinatakiwa zile za kuseti kwa mkono.

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: kigurudumu kinazungukia nini? Aina ya zamani ina beringi za sindano. Zinavumilia oili kidogo na bei yake ni nafuu, lakini hazipendi kugongwa. Vali ikianza kurukaruka kwa sababu springi imechoka, kigurudumu kinaachana na nundu kisha kinarudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachopasua sindano. Zikitoka, zinasambaa ndani ya injini nzima. Aina ya pili ina bushi. Hakuna vipande vidogo vya kuvunjika, na mzigo unaenea eneo pana. Kwa gari la mashindano ya kila wikendi mimi ningelipia bushi bila kusita. Ila bushi bila oili haidumu, kwa hiyo hakikisha tapeti ina tundu linalopeleka oili ya presha moja kwa moja kwenye ekseli ya kigurudumu. Na kama bloku yako iliwekewa vizibo vya kupunguza oili inayokwenda kwenye tapeti, mwambie fundi mapema. Tapeti nzuri zimewahi kufa kwa kosa hilo, na lawama zikaenda kiwandani.

Watu wengi hudhani kinachoua tapeti ni mwendo mkali. Silensa ndefu, yaani injini kunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, nayo inaua, pengine zaidi. Injini ikizunguka taratibu, presha ya oili iko chini, krankshafti hairushi oili ya kutosha kwenye kamshafti, na nguvu yote ya springi inaangukia kileleni mwa nundu. Usiache gari lingurume nusu saa ili watazamaji wafurahi. Injini iliyokaa muda mrefu ijazwe oili kabla ya kuwashwa: kwenye Chevrolet hizi unatoa distributa na kuizungusha pampu ya oili kwa drili mpaka geji ipande.

Kipenyo ni jambo rahisi. Tundu la tapeti kwenye bloku ya Chevrolet ni milimita 21.4 na la Chrysler ni karibu 23. Tapeti nene inaruhusu kigurudumu kikubwa, nacho kinazunguka polepole zaidi na kupunguza msukumo wa upande. Kutoboa bloku ili uiweke ni gharama inayostahili pale tu springi zako zinapokuwa ngumu sana.

Kinachosahaulika ni tundu lenyewe. Nafasi kati ya tapeti na tundu huwa karibu milimita 0.04; ikizidi sana, oili inavuja na tapeti inayumba. Bloku iliyotumika miaka mingi ipimwe, na ikibidi matundu yawekewe bushi za shaba nyeusi. Kisha zungusha kamshafti kwa mkono ukitazama mfereji wa oili wa kila tapeti. Mfereji ukichungulia nje ya tundu, iwe tapeti iko juu kabisa au chini kabisa, presha itapotea na tapeti hizo hazifai kwa bloku yako, hata ziwe za bei gani.

Baada ya kufunga, fila, geji ya kupimia nafasi kati ya roka na vali, ndiyo itakayokupa habari. Andika kipimo cha kila vali. Nafasi moja ikifunguka ghafla wakati nyingine zimetulia, usishindane tena siku hiyo: kagua springi, itoe tapeti, ioshe, uzungushe kigurudumu kwa kidole ukisikiliza mkwaruzo. Pasua pia chujio la oili utafute vumbi la chuma.

Tapeti za mtumba epuka, isipokuwa mtengenezaji anakubali kuzifungua na kuzikarabati, na gharama hiyo umeijumlisha kwenye bei. Mwisho, kwa kuwa nyingi hufungwa mbilimbili kwa kiungo kinachozuia kigurudumu kugeuka upande, moja ikiharibika utabadilisha mbili. Muulize muuzaji kama anauza jozi moja moja kabla hujalipia seti nzima.