TUNDU LENYE PEMBE SITA
Jinsi Linavyokatwa kwa Mashine ya Kukerezea

Kila aijuaye kazi ya chuma anafahamu kwamba mashine ya kukerezea imeundwa kwa ajili ya vitu vya mviringo. Chuma hubanwa na kuzungushwa kwa kasi, na kisu kikikigusa hukinyoa pande zote sawasawa mpaka kikawa duara. Keekee nayo ikiingizwa katikati hutoboa tundu la duara. Basi yawezekanaje mashine hiyo hiyo ikate tundu lenye pembe sita, kama lile lililo katika skrubu za baiskeli na pikipiki, ambamo hutiwa ufunguo wa Allen?

Mtu aonaye kazi hiyo kwa mara ya kwanza hudhani ni kiini macho. Walakini ni hesabu ndogo tu na uangalifu mwingi, na kila fundi mwenye mashine ya kukerezea na kifaa kifaacho aweza kujifunza.

SABABU YA KULITAKA TUNDU HILO

Yafaa kwanza kuelewa kwa nini watu walilihitaji tundu la namna hii. Chukua mfano wa kinu cha posho. Injini huvuta mkanda, mkanda huzungusha puli, na puli huzungusha shafti ya kinu. Ili puli isihame mahali pake, skrubu hupenyezwa katika kitovu cha puli na kuibana shafti kwa ncha yake.

Zamani skrubu hizo zilikuwa na kichwa cha mraba kilichotokeza nje. Puli ikiwa imesimama, kichwa hicho ni kitu kidogo kisichotisha. Puli ikizunguka, hakionekani tena kwa macho, lakini kipo. Kikinasa pindo la kanga au mkono wa shati, nguo hujisokota katika shafti kabla mwenyewe hajawahi kupiga kelele, na mkono huifuata nguo. Katika viwanda vya Ulaya na Marekani, ambako shafti ndefu zilipita juu ya vichwa vya wafanya kazi na kuendesha mashine nyingi kwa mikanda, watu wengi waliumia na wengine walikufa kwa sababu ya vichwa hivyo vidogo.

Dawa yake ilikuwa skrubu isiyo na kichwa, izamayo yote ndani ya kitovu. Lakini skrubu isiyo na kichwa itakazwaje? Mfuo wa bisbisi ni dhaifu; ukikazwa sana huvunjika kingo, au bisbisi huteleza na kumchoma fundi mkononi. Mwaka 1909 Peter Lymburner Robertson wa Kanada alipata hati ya uvumbuzi wa skrubu yenye tundu la mraba. Mwaka 1910 William G. Allen wa mji wa Hartford, Marekani, alipata hati yake kwa skrubu yenye tundu la pembe sita. Skrubu za Allen ziliuzwa kwa jina la skrubu za usalama, na ufunguo wake wajulikana kwa jina lake hata leo.

Mabwana hao hawakuyakata matundu yao kwa kisu. Waliyafanya kwa kukandamiza chuma kibaridi kwa mashine zenye nguvu nyingi. Njia hiyo yafaa kwa kiwanda kitoacho skrubu maelfu. Fundi atakaye skrubu moja, au kumi, sharti atafute njia nyingine.

NJIA MBILI ZA ZAMANI

Njia ya kwanza ni kutoboa tundu la duara, kisha kusukuma ndani yake patasi ya chuma kigumu yenye pembe sita, kwa nyundo au kwa mashine ya kukandamiza. Ubaya wake ni kwamba pembe zote sita hukata kwa mara moja. Nguvu itakiwayo ni kubwa mno, na mara nyingi patasi huvunjika au tundu hupinda.

Njia ya pili ni kusimamisha mashine, kufunga kisu chembamba chenye ncha, na kukisukuma mbele na kukirudisha nyuma kwa mkono, kikikwangua kidogo kidogo. Pembe moja ikiisha, chuma huzungushwa digrii 60 na kazi huanza tena. Tundu hupatikana, tena zuri, ila fundi aweza kumaliza asubuhi nzima kwa matundu machache.

SIRI YA DIGRII MOJA

Njia ya tatu ndiyo ya kustaajabisha. Hapa patasi ya pembe sita hutiwa katika kishikio chenye beringi ndani yake, ili iweze kuzunguka bila kuzuiwa. Kishikio hicho hufungwa katika kichwa cha nyuma cha mashine. Lakini nafasi ya patasi ndani ya kishikio haikunyoka: imeinamishwa digrii 1 mbali na mstari wa katikati wa mashine. Uso wa patasi tu, yaani mahali pakatapo, ndio ulio katikati barabara.

Chuma kikizunguka na patasi ikasukumwa juu yake, chuma huichukua patasi, vikazunguka pamoja kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo pembe za patasi hazihami mahali pake katika tundu. Ila kwa sababu ya ule mwinamo, pembe moja hutangulia kidogo na ile ya upande wa pili hubaki nyuma. Kisha hutangulia inayofuata, na nyingine, mpaka zamu imezunguka zote sita. Patasi hutikisika kama shilingi iliyochezeshwa mezani inapokaribia kulala, ukingo wake ukigusa meza hapa, kisha hapa, kisha hapa.

Faida yake yaeleweka kwa mfano wa pipa lililojaa. Mtu mmoja hawezi kuliinua, lakini akiliinamisha kidogo likasimama kwa ukingo wake, aweza kuliviringisha kutoka upande mmoja wa ua mpaka wa pili. Vivyo hivyo patasi iliyoinama haikati pembe sita kwa pamoja; karibu kazi yote hufanywa na ile pembe iliyo mbele kwa wakati huo. Kwa tundu la milimita 6, pembe hiyo hutangulia katikati ya patasi kwa sehemu 6 tu za mia ya milimita. Ni kidogo kuliko unene wa karatasi nyingi, lakini katika kila mzunguko kila pembe hunyoa sehemu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Yapasa pia kufahamu kwamba patasi yenyewe ni nene mbele na hupungua unene kuelekea nyuma, kwa kadiri ya digrii 1 na nusu kila upande. Kama isingepungua zaidi ya ule mwinamo wa digrii 1, ubavu wake ungesugua kuta za tundu na kuliharibu.

KAZI YENYEWE

Tuseme fundi ataka skrubu isiyo na kichwa, unene wake milimita 12, ambayo hukazwa kwa ufunguo wa milimita 6. Afuate hatua hizi:

1. Abane kipande cha chuma laini katika kibanio na kusawazisha uso wake. Upande wa nje asiumalize bado, wala asikate hesi. Patasi ikisukuma yaweza kutanua chuma kidogo, na hesi zilizokwisha katwa zingeharibika.

2. Atoboe tundu la duara kwa keekee iliyo kubwa kidogo kuliko upana wa ufunguo, kama milimita 6 na desimali 1 au 2. Upana wa pembe sita toka ubapa hata ubapa ni milimita 6, bali toka pembe hata pembe ni milimita 6.93. Keekee basi huondoa sehemu kubwa ya chuma, na patasi huachiwa kazi ya pembe tu.

3. Tundu la keekee liwe refu kuliko lile la pembe sita. Akitaka pembe sita ziingie milimita 7, atoboe milimita 10 au 11. Maranda ya chuma hayatoki nje. Husukumwa mbele ya patasi mpaka chini. Yasipopata nafasi, patasi itagota juu yake na kuvunjika.

4. Atanue mdomo wa tundu mfano wa faneli, hata upana wake uzidi kidogo milimita 7. Hapo pembe zote za patasi hupata mahali pa kuanzia.

5. Ahakikishe kishikio kimekaa katikati barabara, kisha atie mafuta ya kukatia kwa kiasi. Mafuta yakijaa tunduni hayana pa kutokea, nayo huirudisha patasi nyuma.

6. Azungushe mashine kwa mizunguko kama 800 kwa dakika. Asogeze patasi mpaka iguse chuma na kuanza kuzunguka nacho, kisha aisukume kwa imara bila kusita. Ikiingia sehemu 5 za mia ya milimita kwa kila mzunguko, milimita 7 zitakwisha kwa mizunguko 140, yaani kwa muda wa sekunde 11 hivi.

7. Aitoe patasi, apitishe tena keekee ile ile ili kuondoa maranda, ndipo amalize upande wa nje, akate hesi, na kutenga skrubu yake.

MAKOSA YA KAWAIDA

Tundu likitoka pana kuliko ufunguo, au pembe zake zikiwa hafifu upande mmoja, kishikio hakikuwa katikati. Likitoka limesokotwa kama kamba, patasi ilichelewa kidogo nyuma ya chuma ikawa yajipinda kadiri iendavyo. Jambo hili huonekana zaidi katika matundu marefu. Wengine husimamisha kazi katikati, wakaizungusha mashine upande wa pili, ili msokoto wa kwanza usawazishwe. Fundi asijaribu tundu lenye kina kinachozidi mara moja na nusu ya upana wake. Patasi iliyo butu nayo haifai: hutaka nguvu nyingi na kupasuka pembe.

Chuma laini na shaba ya manjano hukatika vizuri. Chuma kilichokwisha fanywa kigumu kisijaribiwe.

Jambo moja lisisahauliwe. Skrubu ya chuma laini haiwi na nguvu sawa na ya kiwandani iliyopikwa ikawa ngumu. Yafaa pale ambapo puli imefungwa kwa kabari na skrubu huizuia tu isihame. Mahali ambapo uhai wa mtu wategemea skrubu hiyo peke yake, inunuliwe iliyo ngumu.

USALAMA WA FUNDI

Ingekuwa aibu kwa mtu anayetengeneza skrubu ya kuokoa mikono ya wengine kupoteza mkono wake mwenyewe. Afunge vifungo vya shati, akunje mikono, avae miwani ya kukinga macho, wala asivae glavu karibu na chuma kinachozunguka. Ufunguo wa kibanio usiachwe mahali pake hata kwa dakika moja. Maranda yaondolewe kwa brashi, mashine ikiwa imesimama.

Naye mwenye kinu asidhani kazi imekwisha skrubu ikiisha kuzama. Mkanda na puli sharti viwekewe kizuizi, ili mama aletaye debe lake la mahindi, na mtoto aliye mgongoni mwake, wasiweze kuvikaribia. Skrubu iliyozama huondoa hatari moja. Kizuizi huondoa zilizobaki.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini skrubu yenye kichwa kilichotokeza ni hatari katika shafti inayozunguka?
2. Patasi huinamishwa digrii ngapi, na mwinamo huo wasaidia nini?
3. Kwa nini tundu la keekee huwa refu kuliko tundu la pembe sita?
4. Tundu likitoka limesokotwa, fundi afanye nini?