Namba ya Uthibitisho Usimpe Mtu
Kijitabu kwa wazazi, walezi na watoto wanaocheza Minecraft mtandaoni



Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu malalamiko yamezidi. Wazazi wanafika ofisini kwetu simu mkononi, mtoto kasimama pembeni ameinamisha kichwa, na maelezo ni yaleyale: akaunti ya mchezo imechukuliwa, barua pepe haifunguki, na kuna mtu anawaandikia marafiki wa mtoto kwa jina la mtoto. Ukiuliza imekuwaje, jibu nalo ni lilelile. "Waliniambia nithibitishe, nikawapa namba."

Tunajua wengi wenu mnazitilia shaka ofisi za umma linapokuja suala la mtandao. Mmezoea kusikia makatazo tu. Hapa hatukatazi mchezo. Tunakataza jambo moja, na tutalirudia hata likuchoshe: namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu au barua pepe yako haitolewi kwa mtu yeyote. Asipewe rafiki, asipewe mwenye seva, asipewe anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya mchezo. Hata sisi usitupe.

MCHEZO WENYEWE

Kwa mzazi asiyeujua: Minecraft ilianza mwaka 2009, kazi ya Markus Persson wa Sweden. Dunia yake yote imeundwa kwa vipande vya mchemraba, vya udongo, mawe, mbao, mchanga, hata maji. Mtoto anachimba, anabeba, anapanga, anajenga, na hakuna anayempangia ajenge nini. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua Mojang, kampuni yenye mchezo huo, kwa dola za Marekani bilioni 2.5. Kufikia 2023 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 300.

Tusiudharau. Tangu 2012 UN-Habitat, shirika lenye makao makuu Nairobi, limeshirikiana na Mojang katika mradi wa Block by Block. Wakazi wa mtaa hukaa mbele ya kompyuta, wakaupanga uwanja au bustani yao kwa vipande vya Minecraft kabla fundi hajashika koleo. Uwanja wa Silanga, Kibera, ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kupangwa hivyo. Mzazi anayeona mtoto anapoteza muda tunamsihi aketi naye dakika kumi, amwombe amtembeze ndani ya alichojenga. Atajifunza mengi, na atajua mtoto anacheza na nani.

Mtoto akicheza peke yake, dunia ile ni yake. Mambo yanabadilika anapoingia kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine inayohifadhi dunia moja wanayoingia wachezaji wengi kwa pamoja. Seva nyingi haziendeshwi na Mojang wala Microsoft. Yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kufungua yake, akaipa jina la kuvutia, na usiku huohuo watoto wa Mwanza, Mombasa na Muscat wakawa wanajenga mji mmoja. Wengi mle ni watu wema. Lakini hujui nani ana funguo za nyumba hiyo, na mtoto wako hajui pia.

WANAVYOICHUKUA AKAUNTI

Tazama jambo hili kwa karibu, maana ndipo watu wanapopotea.

Mtoto yuko kwenye seva. Amejenga nyumba ya ghorofa mbili, amebakiza paa. Mchezaji mmoja amemsaidia kubeba mawe kwa siku tatu, wamezoeana. Anamwandikia: "Kaka, nyumba yako kali. Njoo kwenye kundi letu la Discord upewe cheo." Mtoto anaingia Discord, programu ya mazungumzo ya makundi. Kabla hajasoma chochote anakuta kitufe cha kijani: Thibitisha. Anabonyeza. Anaulizwa jina lake la mchezo, anaandika. Anaulizwa barua pepe, anaandika. Kisha maneno yanatokea: "Tumekutumia namba. Iandike hapa."

Anafungua barua pepe, na kweli namba ipo. Tena imetoka Microsoft yenyewe, ambako akaunti ya Minecraft imefunguliwa. Anwani ni yao, nembo ni yao, hakuna hata herufi iliyokosewa. Hata mtu mzima angeamini.

Hapo tunaomba usimame. Barua ile haikughushiwa. Aliyeiomba ndiye mwizi. Mtoto alipoandika anwani yake kwenye kile kidirisha, upande wa pili kuna mtu aliyefungua ukurasa wa Microsoft wa kuingilia, akaweka anwani hiyohiyo. Microsoft ikataka kujua kama huyu ndiye mwenye akaunti, ikatuma namba kwa mwenyewe. Mtoto anapoiandika kundini anamsomea mwizi. Hakuna aliyevunja mfumo, wala nenosiri halikuibwa. Mlango umefunguliwa kutoka ndani.

Kwa hiyo, namba ya uthibitisho ikikufikia bila wewe mwenyewe kuiomba, elewa kwamba muda huohuo kuna mtu anajaribu kuingia kwako. Na kama uliiomba wewe, inaandikwa sehemu moja tu: kwenye ukurasa uleule wa Microsoft ulioufungua kwa mkono wako. Kwenye kundi haiandikwi. Kwenye seva haiandikwi. Haisomwi kwa sauti kwenye simu, wala haipigwi picha ikatumwa.

Ipo na njia ya pili, nayo inawanasa hata wanaojiona wajanja. Safari hii mwizi haombi namba, anakupa yeye. Anakuandikia herufi na tarakimu kadhaa, anakuambia ufungue microsoft.com/link uziweke pale. Ukurasa ni halisi kabisa. Umewekwa ili kuunganisha vifaa visivyo na kibodi, kama televisheni na mashine za michezo. Unapoziandika zile herufi, kifaa unachokiruhusu kuingia kwenye akaunti yako ni cha kwake. Namba uliyopewa na mtu mwingine usiiandike popote, hata kwenye ukurasa wa kweli.

Wapo pia wanaowaambia watoto kwamba akaunti ya zamani ya Mojang lazima ihamishwe haraka isipotee. Kazi ya kuhamisha akaunti hizo ilifungwa Septemba 2023. Anayekutaka uhamishe leo anakudanganya.

SIMU NI MOJA NYUMBANI

Labda utasema, ni mchezo tu, mtoto atafungua akaunti nyingine. Sivyo. Kinachochukuliwa ni akaunti nzima ya Microsoft. Kama barua pepe ya familia iko humo, imekwenda, na picha zilizohifadhiwa humo nazo zimekwenda. Na anwani hiyo ikiwa ndiyo mliyotumia kufungulia akaunti nyingine, mwizi ataomba nenosiri jipya huko, moja baada ya nyingine, na majibu yote yatamfikia yeye.

Halafu kuna jambo la kwetu hapa. Katika nyumba nyingi simu janja ni moja, ya mama au ya baba. Mtoto anaichezea jioni bando likiwepo, na simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Jumbe zote zinaingia pale. Mtoto aliyezoeshwa na "rafiki" wa kwenye seva kusoma namba iliyoingia na kuirudisha, kesho akiombwa asome ujumbe mwingine atausoma. Hatofautishi namba ya mchezo na ya pesa, na hakuna aliyemfundisha.

Watanzania tumeshawazoea matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Elimu imetolewa, na tunajivunia kwamba siku hizi hata bibi kijijini akipokea ujumbe ule anacheka na kuufuta. Hilo halikuja lenyewe, watu walizunguka mikutano ya vijiji na mashule kulisema kila siku. Tunataka mtoto wa darasa la tano afike hapo kwenye namba ya uthibitisho: aione, ajue ni nini, aende kumwonesha mzazi.

YA KUFANYA LEO

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya mtoto. Ingia account.microsoft.com, sehemu ya usalama, ufuate maelekezo. Pale panapotakiwa namba ya simu au barua pepe ya akiba, weka ya mzazi. Ukishaiwasha, mwizi akipata namba moja bado anakwama kwenye ya pili, mradi nayo usimpe. Kazi hii inamalizika kabla chai haijapoa, na bado wengi hawaifanyi.

Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto uandikwe ulio wa kweli. Akaunti ya mtoto inaunganishwa na ya mzazi, na mzazi ndiye anayeruhusu au kuzuia kucheza na wengine mtandaoni. Watoto wengi hudanganya umri ili wakwepe kizuizi hicho. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, na Discord haipokei walio chini ya miaka 13. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ina masharti yake kuhusu idhini. Mengine soma kwenye masharti ya huduma husika.

Usimpakulie mtoto Minecraft "ya bure" iliyotumwa kwenye makundi. Hata nyongeza za mchezo (mods) zinazopakuliwa kwenye tovuti zinazojulikana zimewahi kuchafuliwa. Juni 2023 programu hasidi iliyopewa jina fractureiser ilijificha ndani ya nyongeza za Minecraft, ikawa inaiba taarifa za kuingilia kwenye akaunti. Na mchezo wenyewe uwe toleo jipya. Desemba 2021 iligundulika kasoro iliyomwezesha mtu kuandika mstari mmoja kwenye gumzo la mchezo na kuendesha amri zake kwenye kompyuta za wengine. Kasoro ilizibwa, lakini anayecheza toleo la kabla ya hapo bila kuliziba bado yuko wazi.

Baada ya hayo yote, tunarudi palepale. Unaweza kuwa na toleo jipya, nenosiri refu na hatua mbili zimewashwa, ukaisoma namba kwa sauti, na vyote vikawa bure. Namba ya uthibitisho usimpe mtu.

KAMA UMESHATOA NAMBA

Usilale na jambo hilo. Dakika zile za kwanza mwizi yupo kazini, anabadilisha barua pepe na kufuta namba yako ya simu. Fungua account.microsoft.com mwenyewe, kwa kuiandika, usipitie kiungo ulichotumiwa. Kama bado unaingia, badilisha nenosiri, angalia anwani na namba za simu zilizoorodheshwa, ufute usiyoitambua, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia. Kama umeshafungiwa nje, jaza fomu ya Microsoft ya kurejesha akaunti. Waambie marafiki wa mtoto haraka, kwa njia nyingine, kwamba anayewaandikia siye yeye.

Usimlipe mtu anayejitokeza mtandaoni na kusema atairudisha akaunti kwa ada ndogo. Huyo ni mwizi wa pili.

Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, liwe kwa ajili ya mchezo au benki. Nenda polisi ukiwa na picha za mazungumzo. Usiyafute kwa hasira. Kama tapeli alitumia ujumbe wa simu, ripoti namba yake kwa 15040, na upige *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Neno la mwisho ni kwa mzazi, tunalisema kwa ukali kwa sababu limetuumiza mara nyingi. Watoto wengi wanaoletwa kwetu walijua kosa lao siku hiyohiyo, wakakaa kimya wiki nzima wakiogopa kuchapwa. Wiki hiyo ndiyo mwizi alihitaji. Na mara nyingine anayeomba namba huanza kuomba picha, na mtoto aliyeogopa kusema la kwanza hatasema la pili. Mwambie mtoto wako leo, kabla hajakosea, kwamba akikosea aje kwako na hatapigwa. Kisha timiza ahadi hiyo.

Mtoto anayeshindwa kumwambia mzazi apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Hailipiwi.