Kuongeza Kitu kwenye Safu: Mafunzo Niliyopata

Hapa Nyeri ninafundisha vijana kuandika programu, na kwa ajili yao ninaunda lugha ndogo yenye amri za Kiswahili. Mfano wetu ni mapokezi ya kahawa kiwandani: mkulima analeta matunda, yanapimwa, kilo zinaandikwa. Kilichonifikirisha kuliko vyote ni jambo linaloonekana jepesi: kuongeza kipimo kwenye safu.

1. Mwisho wa safu upewe amri fupi kuliko zote. Mkulima anayefika sasa huandikwa chini ya aliyemtangulia, na kompyuta nayo hurahisishiwa kazi hivyo. Vipengele vya safu hukaa bega kwa bega kwenye kumbukumbu. Ukitia kimoja mwanzoni mwa 10,000, vyote 10,000 husogezwa. Mwishoni hakuna kinachosogea, labda nafasi iwe imejaa. Hapo ArrayList ya Java huchukua nafasi iliyozidi ya kwanza kwa nusu, ikanakili vyote humo. Kwa hiyo "ongeza" yangu huenda mwisho tu. Anayetaka pengine hutumia "chomeka" na kutaja nafasi, ili gharama ionekane.

2. Kimoja na vingi ni kazi mbili. Ukiipa append ya Python orodha ya vipimo vya Othaya, orodha nzima huingia kama kipengele kimoja, na kujumlisha kilo kunakwama. Extend ndiyo hukunjua. Concat ya JavaScript hukunjua bila kuulizwa. Naamini lugha isikisie nia ya mtu.

3. Amua amri inarudisha nini. Hapa ndipo lugha kubwa zinapotofautiana sana: push ya JavaScript hurudisha urefu mpya, add ya ArrayList hurudisha kweli, append ya Python hairudishi chochote, nayo ya Go hurudisha kipande ambacho lazima ukihifadhi. Wanafunzi waliozoea Go huandika vipimo = vipimo.append(52) kwenye Python, na vipimo vyote vya asubuhi hupotea. Nimechagua njia ya Python, lakini lugha yangu hukataa kuendesha sentensi kama hiyo. Anayetaka safu mpya huku ya zamani ikibaki ilivyo ana amri yake, "unganisha".

4. Kuongeza wakati wa kupitia safu kuzuiwe. Python huruhusu, na mzunguko unaweza kuendelea mpaka kumbukumbu iishe. ArrayList kwa kawaida husimama na kutoa kosa. Nimefuata Java.