Siku Hamsini za Kaab bin Malik, na Simu Isiyolia



Ndugu zangu, darsa la toleo hili nilikusudia liwe la hukumu za sala ya msafiri. Nimelibadilisha kwa sababu ya jambo lililonikuta mimi mwenyewe, na nadhani wengi wenu mlio mwaka wa mwisho liko njiani linawajia.

Niliitwa kwenye usaili wa kwanza wa nafasi ya msaidizi wa kufundisha masomo ya Kiislamu katika chuo kimoja hapa Kampala. Mitihani nimemaliza, nasubiri mahafali, nao walikubali kutupokea wenye matokeo ya awali. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye benchi la nje. Ndani walikuwapo watu watano nyuma ya meza. Waliniuliza maswali ya usul al-fiqhi, kisha wakanitaka nifundishe kwa dakika kumi mada ya ijmaa kana kwamba wao ndio wanafunzi. Mwishoni mwenyekiti akasema, "Tutakujulisha ndani ya wiki mbili." Leo ni siku ya thelathini na nne.

Chumba ninachopanga kiko Makindye, upande wa kuelekea Barabara ya Salaama. Simu naiweka dirishani ambako mtandao ni mzuri zaidi. Ikilia naruka. Mara nyingi ni mama yangu kutoka Bukoba. "Mwanangu, wamesemaje?" "Bado, mama." Tangu wiki ya tatu ameacha kuuliza hilo, siku hizi anauliza kama mvua imenyesha. Hilo ndilo lililonikaa zaidi moyoni.

Katika hali hiyo nikarudi kwenye hadithi tuliyoisoma mwaka wa pili tukaipita haraka kwa sababu ni ndefu: hadithi ya Kaab bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Anaisimulia Kaab mwenyewe, na aliyeipokea kwake ni mwanawe Abdullah, ambaye ndiye aliyekuwa akimwongoza njiani baada ya baba yake kupofuka. Chanzo chake ni vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Kaab alikuwa na afya na mali, alikuwa na vipando viwili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kabla. Hata hivyo kila siku alisema atajiandaa kesho, mpaka jeshi likaenda bila yeye. Mtume (s.a.w.) aliporudi Madina, watu zaidi ya themanini walikuja na nyudhuru zao, wakala viapo, wakapokelewa kwa dhahiri ya maneno yao. Kaab alikuwa mshairi na hodari wa hoja, angeweza kujitetea kuliko wote. Akasema kweli: hakuwa na udhuru wowote. Akaambiwa aondoke, angoje mpaka Allah (s.w.t.) aamue juu yake. Wenzake katika hali hiyo walikuwa Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya.

Niseme mapema kwamba hali yangu si ya Kaab. Yeye alikuwa akingojea toba baada ya kosa, na mimi nangojea kazi. Msomaji asije akadhani najipandisha kwenye daraja la Sahaba aliyehudhuria baiya ya Aqaba. Ninachochukua kwake ni namna alivyoishi ndani ya kungoja, maana hakuna niliyemsoma aliyeieleza hali hiyo kwa undani kama yeye.

Tazama jambo la kwanza. Watu walikatazwa kusema na wale watatu. Wenzake wawili walijifungia majumbani wakilia. Kaab, aliyekuwa kijana kuliko wao, alitoka. Alihudhuria sala za jamaa, akatembea masokoni, na hakuna aliyemjibu. Alikuwa akimwendea Mtume (s.a.w.) baada ya sala na kumtolea salamu, kisha akijiuliza moyoni: je, midomo yake imetikisika kunijibu, au haikutikisika? Akisali karibu naye alimwangalia kwa jicho la wizi.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Kwa siku thelathini nimekuwa nikifanya hivyohivyo na nyuso za watu watano. Yule wa pembeni alitikisa kichwa nilipotaja masharti ya ijmaa: alikuwa akikubali au alisinzia? Mwenyekiti alisema "tutakujulisha" na si "tutawajulisha". Je, hiyo ni dalili? Mwenzangu wa chumba aliniambia, "Kaka, unafanya tafsiri ya aya ambayo haijateremka."

Jambo la pili ni la ukuta. Kaab alipochoka aliparamia ukuta wa shamba la Abu Qatada, binamu yake na mtu aliyempenda kuliko wote. Akamtolea salamu, hakujibiwa. Akamuuliza kwa jina la Allah kama hajui kwamba yeye anampenda Allah na Mtume wake. Kimya. Akarudia, kimya. Mara ya tatu Abu Qatada akasema tu kwamba Allah na Mtume wake ndio wajuao. Macho ya Kaab yakajaa machozi, akageuka, akaruka ukuta kurudi.

Mimi nami niliparamia ukuta. Jirani yetu mmoja anafanya kazi ya ofisi katika chuo hicho. Baada ya Isha nilimfuata kwake, nikakaa barazani, nikazungumzia bei ya mkaa mpaka nikapata ujasiri. "Mzee, kule kwetu mmesikia lolote?" Akaniangalia kwa muda. "Mwanangu, hayo karatasi yanapita mikononi mwangu. Kwa hiyo siwezi." Nilirudi nyumbani nimekasirika. Siku mbili baadaye ndipo nilipoona kwamba wale wengine kumi nao wana haki kwa yule mzee, na kwamba kama angenifungulia mimi angeweza kumfungulia yeyote. Abu Qatada hakuacha kumpenda binamu yake. Alikuwa ameshika amana.

Wapo watakaosema huo ni uzembe, kwamba mjini hapa asiye na mtu ndani hapati kitu. Rafiki mmoja alinishauri nimtafute mjomba wangu aliyesoma pamoja na mmoja wa wale watano. Hapa tuwe makini, kwa sababu Uislamu haukukataza uombezi wote. Sura An-Nisaa, aya ya 85, inatenganisha uombezi mwema na uombezi mbaya, na kila mmoja una fungu lake. Mtu anayekujua akieleza sifa zako kwa kweli pale anapoulizwa, huo ni ushahidi. Mtu akipiga simu ili jina lako lipite mbele ya aliyekuzidi, amemdhulumu yule asiyejua hata kwamba simu imepigwa. Bahasha ndiyo kabisa: Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili. Namba ya mjomba niliiandika kwenye simu usiku mmoja, nikaitazama, nikaifuta. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana niliiandika.

Nilichofanya ni kuandika barua moja ya heshima baada ya zile wiki mbili kupita, kuuliza hatua iliyofikiwa. Hiyo ni katika kumfunga ngamia, kama ilivyo katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas. Barua ya pili sikuiandika. Ngamia akishafungwa, kumkazia kamba kila asubuhi ni kumtesa.

Kuhusu istikhara, nitagusa moja tu. Wanafunzi wengi huniuliza, "Umeota nini?" Hadithi ya istikhara kutoka kwa Jabir bin Abdillah katika Bukhari haitaji ndoto hata kidogo. Inataja rakaa mbili zisizo za faradhi na dua ambayo ndani yake unaomba jambo lenye heri likujie jepesi, na lenye shari liondolewe kwako nawe uondolewe kwalo. Basi huenda ukimya wenyewe ni jibu la nusu ya pili ya dua. Nusu hiyo nilikuwa nikiisoma haraka haraka.

Na kuhusu kuharakisha: hadithi ya Abu Huraira inasema mja huitikiwa maadamu hana haraka. Nilidhani haraka ni kule kutamani jibu lije leo. Ukisoma riwaya ya Muslim unaona haraka imeelezwa kuwa ni mtu kusema ameomba na hajaitikiwa, kisha akachoka na kuacha kuomba. Kutamani hakukatazwa.

Sasa nifike mahali paliponisumbua hasa. Kaab akiwa sokoni Madina, mkulima wa Kinabati aliyetoka Sham kuuza chakula alimletea barua ya mfalme wa Ghassan. Mfalme alisikia kwamba Kaab ametengwa, akamkaribisha kwake apate heshima. Kaab akaona huo nao ni mtihani, akaitia barua kwenye tanuri.

Siku ya ishirini na sita nami nililetewa barua. Mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari huku kwetu anataka mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu, na muhula unaanza. Mshahara ni mdogo lakini kodi ya chumba unatosha. Sharti lake: niahidi mwaka mzima. Je, hiyo ilikuwa barua ya Ghassan? Nilimwuliza sheikh wa msikiti wetu. Akacheka. "Ghassan ilimwita Kaab aache dini yake. Wewe unaitwa ukafundishe watoto wudhu. Usiipe njaa jina la zuhudi." Kisha akawa mkali. "Lakini ukiahidi mwaka huku umekusudia kuondoka chuo kikikuita, hiyo ni alama ya mnafiki, na unaijua hadithi yake."

Basi nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia nina jibu ninalolingojea mahali pengine, na kwamba likija la heri nitataka kwenda. Nilitarajia kufukuzwa. Alikuna kidevu. "Ustadh, wote waliokuja kabla yako waliahidi mwaka. Wa mwisho alikaa wiki tano." Tukaandikiana: muhula mmoja kamili bila kuondoka, baada ya hapo taarifa ya mwezi mmoja. Waislamu wako juu ya masharti yao, kwa hiyo chuo kikipiga simu kesho, nitawaambia siwezi kuanza kabla muhula haujaisha. Huenda nafasi ikapotea kwa ajili hiyo. Hilo nililijua nilipotia sahihi, na kalamu ilikuwa nzito.

Kwa Kaab jibu lilikuja asubuhi ya siku ya hamsini. Alikuwa amesali Alfajiri juu ya dari ya nyumba yake moja, dunia imembana pamoja na upana wake, akasikia mtu akipiga kelele kutoka juu ya mlima Sal' akimpa bishara. Akasujudu. Mpanda farasi alikuwa ameondoka kumletea habari, lakini sauti ilimtangulia farasi. Aliyepiga kelele alipofika, Kaab alimvisha nguo zake mbili, na hakuwa na nyingine siku hiyo, ikabidi aazime za kwenda nazo msikitini. Huko Talha bin Ubaidillah aliinuka akamkimbilia na kumpa mkono, na Kaab anasema hakumsahau Talha kwa hilo.

Kesho nina vipindi viwili vya kidato cha kwanza. Kitabu kimoja wanakitumia wanafunzi wanne, na chaki naambiwa kila mwalimu aje na yake. Mama nimemweleza. Aliuliza watoto ni wangapi darasani, nikamwambia sitini na watatu, akasema, "Basi sauti yako itunze." Simu bado iko dirishani.

Wassalaam.